Umpe Rafiki Yako Riwaya Gani ya Kisayansi?

Mashabiki wengi wa riwaya za kisayansi huwapoteza rafiki zao kwenye kitabu cha kwanza. Rafiki ameomba kitu cha kusoma, naye shabiki, kwa furaha ya kupata mwenzake wa kuzungumza naye, anamtwika juzuu tatu za Mchina Liu Cixin, zaidi ya kurasa elfu moja za fizikia na vitisho vya kutoka angani. Baada ya muda vitabu vinarudi na maneno ya adabu: "Vizuri, ila nimebanwa na shughuli." Kurasa za mwanzo zimekunjika, za katikati bado mpya. Tangu siku hiyo rafiki anaamini kwamba uandishi wa aina hii si wake, na pengine hatajaribu tena.

Liu Cixin ni mwandishi mkubwa, na rafiki naye si mvivu. Tatizo ni kwamba kitabu kilichaguliwa kwa kipimo cha anayependekeza. Anayetaka kupendekeza vizuri huanza na mtu: rafiki husoma nini sasa, kama hasomi hutazama nini, na mazungumzo yakinoga barazani huvutwa na habari gani. Riwaya za kisayansi zilizotoka tangu 2010 hivi zimetanda kila upande. Zipo za kijasusi, za koo na familia, za imani na mashaka, za joto na ukame, za upweke, hata za roboti anayependa tamthilia. Msomaji wa aina yoyote atapata yake humo, mradi kuna mtu wa kumwelekeza.

Chukua rafiki aliyekulia kwenye Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Amezoea mpelelezi mjanja, idara ya siri, mji wenye vichochoro na mwanamke ambaye huenda ni adui. Huyo mpe Rosewater ya Tade Thompson, iliyotoka 2016 na kutwaa Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019. Thompson ni daktari wa magonjwa ya akili, mwenye asili ya Kiyoruba, anayeishi Uingereza, na ujuzi wake wa hospitali unaonekana kila anapoingia kichwani mwa mtu. Hadithi inatokea Nigeria mwaka 2066. Kiumbe mkubwa kutoka nje ya dunia amejichimbia ardhini, juu yake kumetokeza kuba, na kuizunguka kuba hiyo umeota mji mzima. Mara moja kwa mwaka kuba hufunguka na wagonjwa walioko karibu hupona. Umati huja kutoka kila pembe. Ila uponyaji huo hauchagui: hata maiti walioko jirani huinuka, wakiwa miili mitupu isiyo na nafsi.

Kaaro, mhusika mkuu, alikuwa mwizi aliyejua watu wameficha wapi vitu vyao, kwa kuwa ana kipaji cha kuzinusa fikra. Siku hizi huilinda benki dhidi ya wezi wa aina yake, na kazi yake nyingine ni ya idara ya siri ya serikali, inayomtumia kuwahoji wafungwa bila kuwafungua midomo. Msomaji wa Musiba atajiona yuko nyumbani kabla ya sura ya tatu. Lakini mwonye mambo mawili. Sura zinaruka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, kwa hiyo asome tarehe iliyo juu ya kila sura, la sivyo atapotea. Tena Kaaro si mtu wa kupendeka, hasa anavyowatazama wanawake, na mwandishi amemfanya hivyo kwa makusudi. Juzuu mbili zinazofuata zilitoka 2019, lakini ya kwanza inatosha kusomwa peke yake.

Rafiki mwingine ni mwanafunzi aliyepata nafasi ya chuo mbali na kwao, au mzazi aliyemsindikiza mtoto wake kituo cha basi akarudi nyumbani kimya. Kwa hao hakuna kitabu kinachozidi Binti ya Nnedi Okorafor, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Kinigeria. Kilitoka 2015, hakifikii kurasa mia moja, na kilishinda tuzo za Hugo na Nebula katika kundi la riwaya fupi. Binti ni msichana wa Kihimba kutoka Namibia, bingwa wa hisabati, wa kwanza katika watu wake kukubaliwa na chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Anatoroka nyumbani kabla ya mapambazuko kwa sababu ukoo wake hauhami. Amejipaka otjize, ule udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ambao wanawake wa Kihimba hujipaka mwilini na kwenye nywele, na kopo lake anasafiri nalo. Chombo anachopanda ni kiumbe hai. Njiani kinavamiwa na Meduse, viumbe wanaofanana na yavuyavu, nao wanaua. Okorafor amekitabaruku kitabu hicho kwa yavuyavu mdogo wa buluu aliyemwona Sharjah, katika Falme za Kiarabu.

Nguvu ya Binti iko katika swali ambalo kaya nyingi za Afrika Mashariki zinalijua bila kufundishwa: mtu anayekwenda kusoma ugenini anarudi akiwa nani? Okorafor halijibu kwa hotuba. Analijibu kwa mwili wa msichana, kwa nywele zake na udongo wake. Msomaji mwepesi anaweza kukimaliza katika safari ya basi ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na akitaka zaidi kuna Home ya 2017 na The Night Masquerade ya 2018. Usifanye haraka kumpa Who Fears Death ya mwandishi huyo huyo, iliyotoka 2010. Ni riwaya kali na pengine ndiyo kubwa zaidi aliyoandika, lakini ndani yake kuna ubakaji na ukeketaji vilivyoelezwa waziwazi. Rafiki ana haki ya kuambiwa hilo kabla hajafungua jalada.

Kisha yuko rafiki fundi. Huyu akiona redio mbovu anatafuta bisibisi, na kwenye filamu humuudhi mtu akipigwa risasi tatu na kuendelea kukimbia. Andy Weir aliandika kwa ajili yake. The Martian ilianza kutoka sura kwa sura, bure, kwenye tovuti ya mwandishi, na wasomaji wenye ujuzi walikuwa wakimsahihisha mahesabu. Mwanaanga aliyeachwa Mirihi kwa kudhaniwa amekufa anahesabu hewa, maji na chakula, kisha analima viazi ndani ya hema lake. Kila tatizo lina jibu, na kila jibu linazaa tatizo jipya. Filamu yake ya 2015 wengi wameiona, kwa hiyo huenda ikafaa kumpa moja kwa moja Project Hail Mary ya 2021: mwalimu wa sayansi wa shule anazinduka ndani ya chombo cha angani, hakumbuki jina lake, wenzake wawili wamekufa, na kidogo kidogo anakumbuka kwamba kuna vijidudu vinavyofyonza nishati ya jua letu. Ishia hapo. Ukimmwagia mtama juu ya kinachotokea baadaye utakuwa umemnyang'anya nusu ya raha.

Weir hana lugha ya kupendeza, na wahusika wake wengi wanafanana sauti. Anayesoma kwa ajili ya sentensi nzuri atachoka naye upesi.

Huyo wa sentensi nzuri, msomaji wa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, anayekubali kutembea ndani ya kitabu bila kuonyeshwa njia, apelekwe kwa Samantha Harvey au Kazuo Ishiguro. Orbital ya Harvey, iliyoshinda Tuzo ya Booker mwaka 2024, ina kurasa zisizofikia mia moja na hamsini na karibu haina tukio: wanaanga sita wanaizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku moja, wanakula, wanapima damu zao, wanatazama kimbunga kikiisogelea Ufilipino. Wapo wanaobisha kwamba hiyo si riwaya ya kisayansi kwa sababu hakuna kilichobuniwa ambacho hakipo. Ubishi huo usikuzuie. Kama rafiki anapenda mashairi, mpe.

Klara and the Sun ya Ishiguro ni ya 2021, miaka minne baada ya mwandishi kupata Nobel. Msimulizi ni roboti aliyeundwa kuwa rafiki wa watoto, anayepata nguvu zake kutoka jua, na hadithi inaanza akiwa dirishani mwa duka akisubiri kununuliwa. Msichana anayemchukua ni mgonjwa. Klara hajui mengi kuhusu dunia, lakini ameona mwanga wa jua ukifanya mema, naye anajijengea imani juu yake, yenye dua na nadhiri. Ni kitabu cha kumpa mtu wa dini, na cha kumpa yule anayesema hapendi kabisa habari za mashine. Siku hizi ambapo watu wanazungumza na programu za akili mnemba usiku kucha, kinasomeka kwa uchungu zaidi kuliko kilipotoka.

Si ajabu ukakutana na pingamizi moja zito: mambo ya anga si yetu, ni ya Wazungu. Usilijibu kwa kubishana. Mwambie kwamba tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Sayansi ya nyota ilipiga hatua kubwa ikianzia pwani hii, na watoto wengi wa pwani hawajawahi kusimuliwa.

Ukishamwambia hayo, mpe The Old Drift ya Mzambia Namwali Serpell, kitabu cha 2019 kilichopata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020. Ndani yake yumo Edward Makuka Nkoloso, mtu wa kweli, aliyetangaza mwaka 1964 kwamba Zambia ingefika mwezini, akiwafanyisha vijana mazoezi kwa kuwabiringisha ndani ya mapipa. Serpell anafuata familia tatu kwa zaidi ya karne, kutoka Maporomoko ya Victoria hadi bwawa la Kariba, kutoka ukoloni hadi UKIMWI, na mwishoni hadi wakati ujao ambapo watu wamepandikizwa vifaa vya mawasiliano mkononi. Kati ya sura na sura wanaimba mbu. Ni kitabu kinene, zaidi ya kurasa mia tano, na sayansi yake huchelewa kuja. Aliyependa Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi au riwaya za Abdulrazak Gurnah hataona tabu. Anayetaka roboti kwenye ukurasa wa kwanza atakasirika.

Kwa mtu aliyelala akisimuliwa habari za majini na mabaharia, kuna kishawishi cha kumpa The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa. Msichana Aisha anaingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi, akiwa kwenye chombo cha mifupa, pamoja na paka wa msomi. Mwaka 2022 kilikuwa kitabu cha kwanza kabisa kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Mpe, lakini usimwambie kwamba ni riwaya ya kisayansi, kwa sababu siyo. Ni hadithi ya maajabu, na kuiuza kwa jina jingine ni kumchanganya msomaji ambaye bado haijui njia.

Rafiki aliyechoka anahitaji kitu tofauti. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hataki kusoma mwisho wa dunia. All Systems Red ya Martha Wells, ya 2017, ni fupi na inachekesha: mlinzi, nusu mashine nusu mwili, amevunja programu iliyokuwa ikimtawala, angeweza kuua watu wote, badala yake anatazama tamthilia mfululizo na kuomba Mungu asisemeshwe. Wells alipata Hugo na Nebula kwa kitabu hicho. A Psalm for the Wild-Built ya Becky Chambers, ya 2021, ni pole zaidi: mtawa anayezunguka akiwapikia watu chai na kusikiliza shida zao anakutana na roboti msituni, nao wanazungumza. Karibu hakuna zaidi ya hayo, na kwa mtu aliyechoka yanatosha.

The Ministry for the Future ya Kim Stanley Robinson, ya 2020, ni ya wale wanaofanya kazi za mazingira, kilimo au maji. Inaanza na wimbi la joto nchini India linaloua mamilioni, na sura hiyo moja haisahauliki. Baada yake kinakuja kitabu kilichojaa mikutano, hesabu za fedha na sera. Wanaoishi na mambo hayo kila siku wanakimeza. Wengine waishie sura ya kwanza, au watazame Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, kuhusu jamii inayoishi ndani ya majengo baada ya vita vya maji na mwanamke aliyepata udongo unaootesha mbegu.

Je, Liu Cixin apewe nani? Mpenzi wa historia na siasa. The Three-Body Problem, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na Ken Liu mwaka 2014 na kushinda Hugo mwaka uliofuata, inafunguka mwaka 1967 katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni ya China, ambapo mwanafizikia anapigwa hadi kufa mbele ya umati, binti yake akitazama. Chuki ya binti huyo dhidi ya wanadamu ndiyo inayoizaa hadithi nzima. Katika kitabu cha Kichina sura hizo zilisogezwa ndani kwa kuhofia wakaguzi. Tafsiri ndiyo iliyozirudisha mbele. Rafiki aandike majina ya wahusika kwenye kipande cha karatasi na kukitumia kama alamisho, maana majina ya Kichina humponyoka asiyeyazoea.

Lugha ni jambo la kuliangalia kwa heshima. Vitabu vyote vilivyopendekezwa hadi hapa ni vya Kiingereza, na wapo wasomaji hodari sana wa Kiswahili ambao Kiingereza cha Rosewater kitawachosha bure. Usimwaibishe mtu kwa hilo. Kwa Kiswahili kuna Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, ambamo Dzombo aliyehukumiwa kifo anafika katika nchi iliyopangwa kwa usawa. Kuna Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001. Na kuna Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya 2002, inayoizunguka dunia iliyobanwa na utandawazi. Si mpya, na sayansi yake imechanganyika na fumbo, lakini zinazungumza na wakati ujao kwa lugha ya msomaji mwenyewe. Zaidi ya hapo rafu ni nyembamba. Peponi, tafsiri ya Paradise ya Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, imeonyesha kwamba kazi hii inawezekana na inaweza kufanywa kwa ufundi. Binti, kwa ufupi wake, ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia kwa mchapishaji mwenye moyo.

Namna ya kupendekeza nayo ina adabu zake. Taja kitabu kimoja. Orodha ya vitabu kumi humfanya mtu ashukuru na asisome hata kimoja. Usisimulie hadithi, mweleze linalotokea kwenye kurasa za mwanzo tu, kisha umwambie kwa nini umemfikiria yeye. Ujumbe wa simu unatosha: "Shoga, kuna kitabu cha mwizi anayesoma fikra za watu, mchana yuko benki, jioni anaitwa na usalama. Nimekukumbuka wewe na Willy Gamba wako. Usiruke tarehe za juu ya sura." Maneno kama "kitakubadilisha maisha" yaache, maana humtia mtu wasiwasi wa kutofurahi inavyotakiwa.

Kama hana uhakika, mpe hadithi fupi kwanza. Mkusanyo wa Africanfuturism uliohaririwa na Wole Talabi na kutolewa na Brittle Paper mwaka 2020 una hadithi nane, ikiwemo ya Mganda Dilman Dila, na unapakuliwa bila malipo. Jarida la Omenana nalo limekuwa likitoa hadithi za aina hii kutoka barani tangu 2014, na huhitaji zaidi ya simu yenye intaneti kulisoma. Hadithi atakayoipenda itakuonyesha riwaya ya kumtafutia.

Kabla hajaanza, mpe ruhusa ya kuacha. Mkubaliane kwamba akifika ukurasa wa hamsini bila hamu, anakirudisha na hakuna lawama wala maswali. Ruhusa hiyo humwondolea deni, na msomaji asiye na deni hurudi kuomba kingine. Akiacha, muulize aliachia wapi; jibu lake litakusaidia kuchagua kitabu cha pili kuliko mapitio yoyote. Na kitabu ukiazima, azima kweli, ukikubali kwamba huenda kikapita mikono mitatu kabla hujakiona tena.

Kama humjui vizuri mtu anayekuomba, na una nafasi moja tu, mpe Binti. Akikirudisha amekimaliza, mpe Rosewater.